John Akii-Bua: Polisi wa Kampala aliyeipa Uganda dhahabu ya kwanza, kisha akarudi kufundisha

Katika mtaa wa Nakasero jijini Kampala ipo barabara iitwayo Akii-Bua, na mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, upo uwanja wa michezo wenye jina hilo hilo. Wengi wanaopita katika barabara hiyo leo, wakiwa juu ya bodaboda au ndani ya magari yaliyokwama kwenye msongamano, hawakuwa wamezaliwa tarehe 2 Septemba 1972, siku ambayo askari polisi mwenye umri wa miaka 22 aliipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Jina wanalijua, mtu mwenyewe amefifia.

Akii-Bua hukumbukwa kwa sekunde 47.82, muda alioutumia siku ile kukimbia mita 400 akiruka viunzi 10. Ni haki yake. Hata hivyo alikuwa pia mwanafunzi wa makocha wawili wasiofanana, mkimbizi nchini Kenya, mfanyakazi nchini Ujerumani Magharibi na, mwishowe, kocha katika jiji lile lile alimofunzwa. Wasikilizaji wetu ambao nao waliondoka makwao na mzigo wa mkono mmoja watayatambua mengi ya safari yake bila kuelezwa.

Mtoto wa boma kubwa

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu wa kaunti katika utawala wa zama hizo, mwenye wake 8 na watoto 43. Katika boma la namna hiyo mtoto hajifunzi kungoja kuhudumiwa. John alichunga ng'ombe wa baba yake kama watoto wengine wa Lango, akiwafukuzia porini na kuwarudisha jioni, na shule ikaja baada ya mifugo.

Mbio hazikuwa jambo geni katika ukoo huo. Kaka yake, Lawrence Ogwang, alikuwa miongoni mwa wanamichezo wa kwanza kabisa kuiwakilisha Uganda katika Olimpiki, aliposhindana katika kuruka urefu na miruko mitatu jijini Melbourne, Australia, mwaka 1956. Uganda wakati huo ilikuwa bado chini ya Uingereza. John alikuwa na miaka 6.

Baba alipofariki, John akiwa kijana mdogo, masomo yalikoma. Akapata kazi katika baa mjini Lira, akipokea na kuhesabu fedha za wanywaji. Huenda angebaki hapo na tusingemsikia kamwe. Lakini kwa kijana wa kaskazini asiye na elimu ndefu, zama zile, palikuwa na mlango mmoja uliokuwa wazi daima: sare. Akateremka Kampala akajiunga na jeshi la polisi.

Lugha ya kambi

Hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kusimama kidogo. Tangu enzi za ukoloni, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri na ya mazungumzo katika polisi na jeshi la Uganda, hata pale ambapo raia wa Kampala walizungumza Kiganda na kukitazama Kiswahili kwa jicho la pembeni, wakikiita lugha ya askari. Kambi kama zile za Nsambya na Naguru zilikusanya Walango, Waacholi, Wateso, Walugbara, Waganda na wengineo, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa hiyo. Bingwa wetu huyu alikulia kikazi ndani ya Kiswahili.

Kambi hizo pia zilikuwa na michezo. Polisi, jeshi na magereza ndiko vijana wasio na fedha walikopata viatu, chakula na muda wa mazoezi, na mtindo huo Afrika Mashariki haujabadilika sana tangu hapo. Miongoni mwa maafisa wa polisi alikuwamo Jorem Ochana, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbiaji hodari wa viunzi, mmoja wa bora barani Afrika katika miaka ya 1960. Ochana alimwona kijana huyu mrefu mwenye miguu myepesi akamchukua mkononi.

Alikuwa mwalimu mkali. Kosa kubwa la mwanafunzi wa viunzi ni kuruka juu mno, kwani kila sehemu ya sekunde anayokaa hewani ni muda asiokimbia. Kiunzi hakirukwi kama ukuta. Hupitwa kama mtu apitaye kizingiti kwa haraka, mwili umeinama mbele na kichwa kikibaki karibu usawa ule ule. Ili kumfundisha hilo, Ochana aliweka mti mwingine juu ya kiunzi, ukiacha nafasi ndogo ya kupenya katikati. Mwanafunzi aliyejiinua alikutana na mti huo kwa paji la uso. Aliyeshuka mno aligonga kiunzi kwa goti. Akii-Bua alitoka damu mara nyingi katika mazoezi hayo, na kovu la paji la uso alibaki nalo hadi ukubwani, akilionyesha watu kwa fahari ya mtu aonyeshaye cheti.

Mwingereza na saa yake

Mwaka 1968 alifika Uganda kocha kijana kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, kusimamia riadha ya taifa. Jina lake halikuwa na uzito wowote wakati ule. Miaka mingi baadaye angejulikana duniani kama kocha wa Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1993. Lakini bingwa wake wa kwanza alimpata Kampala.

Akii-Bua alikuwa bado anashikilia mbio za mita 110, zenye viunzi virefu zaidi. Arnold alimshawishi ahamie mita 400. Ni mbio ambazo wanariadha wenyewe huzihofia, na sababu ni rahisi kuielewa. Kuna mita 45 hadi kiunzi cha kwanza, kisha mita 35 kati ya kiunzi na kiunzi, na mita 40 za mwisho hadi utepeni. Mkimbiaji hana budi kuzigawa zile mita 35 kwa hatua zinazolingana, afike mbele ya kiunzi kwa mguu ufaao bila kukata mwendo. Mwanzoni hilo huwa jepesi. Baada ya kiunzi cha 6 au cha 7 miguu huanza kuwa mizito, hatua hufupika, hesabu huharibika, na ndipo wengi hugonga, husitasita au huanguka.

Akii-Bua alikuwa na karama adimu: aliweza kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Mkimbiaji anayetegemea mguu mmoja, hatua zikianza kufupika, hulazimika kuongeza hatua 2 nzima ili afike na mguu ule ule. Yeye aliweza kuongeza 1 tu akaendelea. Arnold alilielewa hilo akajenga mbio nzima juu yake.

Mazoezi yalikuwa ya kutisha. Alikimbia akiwa amevaa fulana yenye vizito vya takribani kilo 11, akipita viunzi vya kimo cha mbio za mita 110, yaani sentimita 106.7, ilhali katika mashindano yake vilikuwa vya sentimita 91.4 tu. Alivikimbilia kwa umbali uliopita mita 400, akapumzika kidogo, akarudia. Milima ya Kampala ilimaliza yaliyobaki. Siku alipovua fulana ile na kuwekewa viunzi vya kawaida, pengine alijiona kama mtu aliyetuliwa gunia.

Matokeo hayakuja kwa siku moja. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970 alimaliza wa 4. Medali ya fedha siku hiyo iliichukua Uganda vilevile, kupitia William Koskei, ambaye baadaye aliendelea kukimbia chini ya bendera ya Kenya. Mipaka ya Afrika Mashariki, kwa wanariadha, haijawahi kuwa migumu sana. Mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Afrika na Marekani huko Durham, North Carolina, Akii-Bua alikimbia kwa sekunde 49.0, muda bora duniani mwaka huo. Hata hivyo alikuwa ameshindana mara chache mno nje ya Afrika, na wachambuzi wa Ulaya hawakumpa nafasi kubwa.

Njia ya kwanza

Kufika Septemba 1972 mjini Munich, bwana wa mbio hizo alikuwa David Hemery wa Uingereza. Alishinda dhahabu mjini Mexico mwaka 1968 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, akiwaacha wenzake mbali. Mmarekani Ralph Mann alikuja na sifa kubwa pia. Wote wawili walipangiwa njia za nje zaidi, zenye kona pana. Kura ilimtupa Akii-Bua njia ya 1.

Kwa asiyeifahamu riadha, njia ya 1 inaweza kusikika kama heshima. Katika viunzi vya mita 400 ni adhabu. Ndiyo iliyo karibu kabisa na ukingo wa ndani, kona yake ni kali kuliko zote, na mtu mrefu anayepaswa kuruka huku akipinda husukumwa nje na kasi yake mwenyewe. Ina faida moja tu: kwa kuwa waanzaji hupangwa kwa kupishana, aliye njia ya 1 huwaona wote mbele yake, na hakuna anayemwona yeye.

Bastola ilipolia Hemery aliondoka kwa kasi ya mtu aliyeamua kuwavunja wenzake mapema. Nusu ya kwanza ilikuwa yake. Akii-Bua hakumfuata kwa pupa. Alikaa katika hesabu yake ya hatua, akivipita viunzi chini chini kama alivyofunzwa na Ochana, na wakati wengine walipoanza kukata mwendo kwenye kona ya mwisho, yeye alibadili hesabu bila kupungua. Walipotoka konani kuingia kwenye mnyoofu, njia ya ndani ndiyo iliyokuwa mbele. Hemery alikuwa akizama, Mann akija kwa nguvu, lakini dhahabu haikuwa tena na mgombea. Akii-Bua alivuka utepe kwa sekunde 47.82. Mann alipata 48.51, Hemery 48.52.

Takwimu hizo zinastahili kutazamwa mara mbili. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48 kabla ya hapo. Rekodi ya Hemery iliwekwa Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi huwasaidia wakimbiaji wa kasi. Munich haina msaada huo. Na kati ya wa 1 na wa 2 palikuwa na pengo la zaidi ya mita 5, katika fainali ya Olimpiki, kutoka njia mbaya kuliko zote.

Kilichofuata kilibaki katika kumbukumbu za watu kama mbio zenyewe. Mshindi hakusimama. Aliendelea kukimbia akizunguka uwanja, bendera ya Uganda mkononi, akirukaruka viunzi, vingine vilivyokuwapo na vingine vya kuwazia tu, huku umati ukimshangilia. Siku hizi kila bingwa huzunguka uwanja na bendera yake hata tumelizoea. Wapo wanaosema kwamba desturi hiyo ilipata sura yake kwa Mganda huyu. Siku 3 baadaye wanamgambo wa Kipalestina waliwateka wanamichezo wa Israel katika kijiji cha Olimpiki, Waisraeli 11 wakauawa, na furaha yote ya Munich ikafunikwa na msiba huo.

Zawadi ya rais

Nyumbani kwake kulikuwa na giza la aina nyingine. Idi Amin alikuwa ameshika madaraka kwa mapinduzi ya Januari 1971, akimwondoa Milton Obote, ambaye alikuwa Mlango kama Akii-Bua. Tangu miezi ya mwanzo ya utawala huo askari wa Kilango na Kiacholi waliuawa kambini kwa mamia. Mapema Agosti 1972, wiki chache kabla ya Munich, Amin aliwapa Waganda wenye asili ya Asia siku 90 kuondoka, na wakati Akii-Bua anapanda jukwaani kupokea medali, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakifunga masanduku Kampala, Jinja na Mbale. Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote walivamia kutoka Tanzania wakashindwa, na kisasi kilichofuata kiliwaangukia raia.

Huo ndio wakati ambapo bingwa wa dunia, Mlango, alikuwa mtu mashuhuri kuliko wote katika nchi ya Amin. Rais alimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba. Amin, ikumbukwe, alikuwa mwenyewe bingwa wa zamani wa ndondi nchini Uganda na aliipenda michezo kikweli. Sioni sababu ya kusema kwamba furaha yake ilikuwa ya kuigiza tu. Lakini zawadi ile ilikuwa na kazi nyingine. Kila mgeni aliyeuliza habari za mauaji ya Walango alielekezwa kwa Akii-Bua: tazameni, Mlango huyu anaishi vizuri. Mwanariadha akageuzwa kuwa jibu la swali ambalo yeye hakuulizwa. Angefanya nini? Kukataa nyumba ya Amin halikuwa jambo ambalo mtu mwenye wake na wana alilifanya akalala salama.

Mbio ziliendelea. Januari 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, kwa muda wa sekunde 48.54. Macho yote yakaelekezwa Montreal, 1976, ambako angetetea taji lake dhidi ya kijana mpya wa Marekani, Edwin Moses. Pambano hilo halikutokea. Zaidi ya nchi 20 za Afrika, Uganda ikiwamo, zilijiondoa kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Moses alishinda bila Akii-Bua kuwapo na akaifuta rekodi yake siku hiyo hiyo. Mgomo ule ulikuwa wa haki, na waliogharamia haki hiyo ni pamoja na wanariadha waliokuwa katika umri wao bora, ambao miaka 4 kwao ni nusu ya maisha ya kazi. Mtu anaweza kuyasema yote mawili kwa pamoja.

Mkimbizi

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wakiikaribia Kampala, wakaiingia tarehe 11. Walango wengi walifurahi. Akii-Bua alikuwa na hofu ya pande mbili. Kwa watu wa Amin waliokuwa wakikimbia, yeye alikuwa Mlango. Kwa washindi waliokuwa wakija, alikuwa polisi aliyepandishwa cheo na Amin na kukaa katika nyumba aliyopewa na Amin. Nani angemsikiliza aeleze? Alichukua familia yake akavuka mpaka kuingia Kenya.

Kule bingwa wa Olimpiki aliwekwa kambini kama mkimbizi mwingine yeyote. Wengi wetu tunajua maana ya siku hizo: foleni, karatasi, majina yanayoitwa na yasiyoitwa. Aliyemtoa hakuwa serikali wala chama cha riadha. Ilikuwa kampuni ya viatu ya Puma ya Ujerumani Magharibi, ambayo alikuwa akivaa viatu vyake mbioni. Ilipopata habari zake ilimtafuta, ikamsafirisha pamoja na familia yake, ikampa kazi.

Alirudi pia katika mazoezi. Mwaka 1980, akiwa na miaka 30, aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow. Hali yenyewe ilikuwa ya ajabu: Ujerumani Magharibi alikoishi ilisusia michezo hiyo, Kenya iliyomhifadhi ilisusia, Moses hakuwapo kwa kuwa Marekani ilisusia, ila Uganda, iliyokuwa imemfanya mkimbizi, ilikwenda. Alifika nusu fainali, hakuvuka hapo. Miguu iliyopotezewa Montreal haikuweza kurudishwa Moscow.

Kurudi Kampala

Angeweza kubaki Ulaya. Alikuwa na kazi, na watoto wake walikuwa na amani. Baada ya miaka 3 au 4 aliamua kurudi Uganda, nchi iliyokuwa bado haijatulia: Obote alikuwa amerejea madarakani, vita vikiendelea Luwero, mapinduzi mengine yakaja Julai 1985, na Januari 1986 wapiganaji wa Yoweri Museveni wakaitwaa Kampala. Katika misukosuko hiyo Akii-Bua alirejea pale alipoanzia, katika jeshi la polisi, akawa kocha wa riadha.

Miaka hii husemwa kwa sentensi moja katika habari nyingi zinazomhusu, kana kwamba ni mkia tu wa hadithi. Mimi naiona kuwa ndiyo iliyobeba swali gumu. Ochana alikuwa mkimbiaji wa viunzi aliyemfundisha polisi mwenzake. Polisi huyo alikuwa bora kuliko mwalimu wake, bora kuliko dunia nzima, na sasa alikuwa amesimama kando ya uwanja yeye mwenyewe na ujuzi wote kichwani. Kwa nini hakutoka kwake bingwa mwingine wa viunzi?

Jibu moja liko katika mbio zenyewe. Kijana wa Kapchorwa anayetaka kukimbia mita 10,000 au marathoni ana kila kitu mlangoni kwake: mwinuko, barabara ya vumbi na wenzake wa kukimbia nao alfajiri. Mwanafunzi wa viunzi anahitaji njia iliyopimwa, viunzi 10 vilivyo sawa, na jicho la mwalimu kila siku, maana kosa la hatua nusu kwenye kiunzi cha 3 hulipwa kwenye cha 8. Anahitaji miaka 4 au 5 isiyokatizwa. Akii-Bua aliipata miaka hiyo kati ya 1967 na 1972, kwa sababu ya polisi iliyokuwa na timu hai, kocha wa taifa aliyelipwa na serikali, na safari za mashindano. Aliporudi, vitu hivyo vilikuwa vimebomoka kwa utawala wa miaka 8 na vita vilivyoufuata. Uwanja mkubwa wa kisasa wa Kampala, ule wa Namboole uliopewa jina la Mandela, ulifunguliwa mwaka 1997, mwaka wa kifo chake.

Jibu la pili ni muda. Ochana alimpata akiwa kijana asiyejua kitu, na walikuwa na utulivu wa kutosha wa kurudia kosa lile lile mara 100. Akii-Bua aliporudi alikuwa amepoteza katika uhamisho ile miaka ambayo mwanariadha aliyestaafu hugeuka kuwa mwalimu, akiwa bado anaweza kuruka kiunzi mbele ya mwanafunzi akamwambia tazama.

Yeye mwenyewe aliishi kuona Waafrika wengine wakiingia katika mlango alioufungua: Amadou Dia Ba wa Senegal akipata medali ya fedha ya viunzi mjini Seoul mwaka 1988, Samuel Matete wa Zambia akiwa bingwa wa dunia mwaka 1991. Aliishi pia kumwona Mganda Davis Kamoga akipata shaba ya mita 400 bila viunzi huko Atlanta mwaka 1996, medali ya kwanza ya Uganda katika riadha ya Olimpiki tangu ile yake.

John Akii-Bua alifariki jijini Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47. Mkewe alikuwa ametangulia. Aliacha watoto 11. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa, heshima ambayo nchi iliyobadili marais mara nyingi kiasi hicho haikuwa ikiitoa ovyo. Damu ya michezo haikukauka katika ukoo: mpwa wake, David Obua, alicheza soka ya kulipwa na kuichezea timu ya taifa, Uganda Cranes.

Dhahabu ya pili ya Uganda ilichukua miaka 40. Ilikuja tarehe 12 Agosti 2012 mjini London, kwa Stephen Kiprotich katika marathoni. Mtu wa sare naye, askari magereza. Baada yake walikuja Peruth Chemutai na Joshua Cheptegei, na huyu Cheptegei, bingwa wa mita 5,000 mjini Tokyo na wa mita 10,000 mjini Paris, ni afisa wa jeshi la polisi la Uganda, jeshi lile lile la Ochana na Akii-Bua.

Katika mita 400 kuruka viunzi, hata hivyo, rekodi ya taifa la Uganda haijaguswa. Bado ni sekunde 47.82, na tarehe iliyo mbele yake ni 2 Septemba 1972.